Kabla ya Kustaafu kwa Maradhi, Kagua Haya

Mtumishi wa serikali hapa Zanzibar akiumwa muda mrefu, jamaa hawakawii kumwambia: "Si uache kazi tu, upumzike?" Ni shauri la mapenzi, lakini barua ya kuacha kazi usiiguse. Aliyeacha kwa hiari yake na aliyestaafishwa kwa maradhi hawapimwi kwa mizani moja, hata kama wamelazwa wodi moja hospitali ya Mnazi Mmoja. Njia yako ni Bodi ya Madaktari ithibitishe kwamba huwezi tena kazi, kisha mwajiri ndiye akustaafishe. Mpaka hapo hakikisha likizo yako ya ugonjwa ina barua, maana kukosekana kazini bila karatasi huitwa utoro, na utoro una adhabu zake.

Jua pia jina lako limo mfuko gani wa hifadhi ya jamii. Wafanyakazi wa SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wako ZSSF, mfuko wa Zanzibar ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Lakini Unguja na Pemba wapo pia watumishi wa taasisi za Muungano, na mfuko wa utumishi wa umma wa upande huo ni PSSSF, uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Huko mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huweka 15. Kama ulianza kwa kusomesha skuli ya SMZ ukahamia taasisi ya Muungano, una michango sehemu mbili. Uliza mapema, na kwa maandishi, miaka hiyo inahesabiwaje. Ukingoja mpaka uwe hoi, atakayefuatilia ni mkeo au mwanao asiyejua hata namba yako ya uanachama.

Panapowaponza wengi ni kwenye chanzo cha ulemavu. Mwalimu wa Wete aliyepata kiharusi nyumbani na fundi umeme aliyeanguka kutoka juu ya nguzo wote hawawezi kazi, lakini madai yao ni mbalimbali. Wa kwanza anadai mafao ya ulemavu kwenye mfuko wake. Wa pili ana pia dai la fidia ya kuumia kazini. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unayatenganisha: kiwango cha chini cha ulemavu wa kawaida ni asilimia 40 ya kipato, na mtu anaweza kutakiwa awe na miaka kadhaa ya michango kwanza; lakini kwa aliyeumia kazini ni 50, tena bila sharti la miaka. Mkataba huohuo unaruhusu fao moja lisimamishwe, lote au sehemu, mtu anapopokea jingine. Kwa hiyo usianze kujenga kwa hesabu ya fedha mbili kamili. Na jirani akikutajia WCF, mwambie huo ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wa Bara. Zanzibar ina sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi.

Ndiyo maana karatasi ya siku ya ajali ina thamani kuliko barua kumi za baadaye. Cheti kikisema "alianguka" na kuishia hapo, umeshaanza vibaya. Mwombe daktari aandike ulianguka wapi na ukifanya kazi gani, mkuu wako aandike taarifa siku hiyohiyo, na walioshuhudia watie saini. Ajali ya barabarani ina PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, chukua nakala.

Kisha majina. Barua ya ajira inasema Khamis, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema Hamis, slipu ya mshahara imeandikwa Hamisi. Kwetu ni mtu mmoja, ila kompyuta ya mfuko haijui hayo. Rekebisha ukiwa bado na nguvu za kupanda ngazi za ofisi, na ukiwa huko omba taarifa ya michango uilinganishe na slipu, mwezi kwa mwezi. Aliyeko Mkoani, Pemba, aanze na ofisi za Chake Chake kabla ya kufikiria boti ya Unguja.

Mwisho, mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Mikopo hii mara nyingi hukatiwa bima ya kifo na ulemavu wa kudumu, na wengi wameitia saini bila kuisoma. Tafuta mkataba, uangalie bima hiyo imo au haimo na taarifa inatakiwa ndani ya muda gani, kabla hujakubali deni lihamishiwe kwenye kiinua mgongo.