Baba na binti, mama na mwana: kumpeleka mtoto mdogo choo cha umma

Mtoto mdogo anafuata choo cha mzazi aliye naye, si choo cha jinsia yake. Baba aliyetoka na binti wa miaka 4 anaingia naye upande wa wanaume. Mama aliyetoka na mwanawe wa kiume anaingia naye upande wa wanawake. Mtoto wa umri huo hamkeri mtu popote aingiapo, lakini mwanamume mzima akitokeza upande wa wanawake, hata kwa nia njema, atawashtua waliomo. Na kumtuma mtoto huyo peke yake upande wa "wenzake" si jambo la kufikiria: hawezi kufungua komeo lililokwama, hajui kujisafisha vizuri, na hana wa kumwita akikwama.

Pakiwa na choo cha familia, au chumba kimoja chenye mlango wake unaofunguka moja kwa moja ukumbini, anzeni hapo. Uliza mhudumu au msafishaji mkifika tu mahali, kabla mtoto hajabanwa, kwa sababu vyumba hivyo mara nyingi huwa vimefungwa na ufunguo uko kwa mtu.

Kibofu cha mtoto kinaweza kukadiriwa. Chukua umri wake kwa miaka, ongeza 1, zidisha kwa mililita 30. Wa miaka 4 anabeba kama mililita 150, ambazo hazijazi hata glasi ya kawaida. Basi mpeleke chooni kabla ya kuondoka nyumbani, kisha kila baada ya saa mbili hivi bila kungoja aseme. Haja kubwa nayo ina saa zake: tumbo huamka baada ya kula, kwa hiyo nusu saa inayofuata mlo ndiyo ya kuwa karibu na choo. Ukiona mtoto anabana miguu, anarukaruka, au binti amechuchumaa ghafla na kukalia kisigino chake, usimuulize "umebanwa?" Atasema hapana. Mwambie, "Twende chooni," mshike mkono, mwende.

Kwenye mkoba weka tishu, chupa ya maji ya nusu lita kwa ajili ya kumtawaza, kipande cha sabuni, chupi mbili, suruali moja ya akiba na mfuko wa plastiki wa nguo zilizolowa. Vitambaa vyenye unyevunyevu vinafaa, ila vitupwe kwenye pipa. Havilainiki kama tishu na huziba bomba. Mvalishe nguo ya kiuno cha mpira. Mkanda, vifungo na ovaroli ni adui wa mtoto aliyebanwa, na zipu inaweza kubana ngozi ya uume wa mvulana.

Baba na binti

Upande wa wanaume kuna jambo moja la ziada, nalo ni wanaume wanaojisaidia kwa kusimama, migongo ikiwa wazi kwenye mlango. Mbebe binti, uso wake ukielekea begani kwako, upite moja kwa moja hadi kwenye chumba chenye mlango. Kama ni mzito kubebwa, mweke upande wa ukuta, wewe ukae katikati. Ingia ukizungumza naye kwa sauti ya kawaida: "Haya mama, tunaingia, nishike mkono." Waliomo wakisikia sauti ya mtoto watajistiri wenyewe, bila wewe kulazimika kueleza lolote.

Ndani, funga mlango kwanza, kisha tazama sakafu. Ikiwa imelowa, kunja miguu ya suruali yake hadi juu ya magoti kabla hujaishusha, la sivyo itaburuta kwenye maji machafu. Gauni au sketi ikusanye yote mbele, umpe aishike kwa mikono miwili kifuani. Hapo mikono yake inapata kazi na haigusi kuta.

Kwenye choo cha kukaa, kosa linalofanyika sana ni kumshusha chupi hadi magotini tu. Chupi hiyo inayafunga magoti pamoja, na mkojo, badala ya kudondoka moja kwa moja, unarudi na kuingia ukeni. Akisimama na kutembea unatiririka kidogokidogo, chupi inalowa, ngozi inawasha, na mzazi anadhani mtoto amejikojolea tena. Dawa yake ni kuishusha chupi hadi vifundoni au kuivua mguu mmoja, apanue magoti, na ainame mbele kidogo. Miguu isining'inie, itegemeze kwenye paja lako ukiwa umechuchumaa mbele yake, kwa sababu mtoto anayeogopa kuanguka hukaza misuli na haja haitoki. Kama tundu la kiti ni kubwa mno kwake, mgeuze akae akitazama ukuta wa nyuma: mapaja yatapanuka yenyewe na atapata pa kushika.

Kwenye choo cha kuchuchumaa, nafasi kati ya vikanyagio imepimwa kwa mtu mzima. Usimlazimishe mtoto wa miaka 3 apanue miguu kiasi hicho. Simama nyuma yake, mwinue kwa kumshika chini ya mapaja, mgongo wake ukiegemea kifua chako, magoti yake yakiwa juu na yamepanuka. Elekeza makalio kwenye shimo na uhakikishe viatu vyake haviko kwenye njia ya mkojo. Ikiwa ni choo cha shimo, usimwachie hata sekunde moja.

Kumsafisha: mbele kwenda nyuma, kila mara, hata kwa haja ndogo. Njia ya mkojo ya msichana ni fupi na iko karibu na tundu la haja kubwa, na vijidudu vikisukumwa mbele vinapanda hadi kwenye kibofu. Akitawazwa kwa maji, maji yamwagwe kuanzia mbele, na mkono ufuate mwelekeo huohuo. Kisha mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Akina baba wengine huona haya kufanya kazi hii. Haya hiyo iwekwe kando. Mtoto asiyesafishwa vizuri ndiye atakayeumia.

Mama na mwana wa kiume

Mvulana mdogo akikaa, uume wake uelekezwe chini kabla hajaanza, naye ainame mbele. Asipofanya hivyo mkojo unapita kati ya kiti na beseni na kukulowesha wewe uliye mbele yake. Akitaka kusimama, kiti kikiinuliwa wewe ukishike kwa mkono muda wote: viti vilivyolegea huanguka vyenyewe, na kwa urefu wa mtoto vinamwangukia uume. Asiyefikia ukingo wa beseni bora akae. Hakuna anayepungukiwa uvulana kwa kukaa. Akishamaliza, matone ya mwisho yafutwe kwa tishu. Kwa ambaye hajatahiriwa, usivute govi nyuma kwa nguvu ili kusafisha. Kwa watoto wadogo huwa bado limeshikamana na linaweza kuchanika.

Shida kubwa ya wavulana upande wa wanawake ni udadisi. Watachungulia chini ya kuta za vyumba, watauliza kwa sauti: "Mama, yule shangazi anafanya nini?" Mwambie mlangoni, kabla hamjaingia: humu hatuchungulii, hatusukumi mlango wa mtu, maswali yote tunaulizana nje. Akiteleza akauliza, jibu kwa sauti ya chini, "Tutaongea nje," na mkitoka mjibu kweli, maana asipojibiwa atarudia swali hilo mara ijayo.

Komeo, kelele na zamu yako

Jaribu komeo kabla ya kulitegemea: funga, fungua, funga tena. Komeo hushikwa na mzazi peke yake. Vyumba vingi vina mwanya chini ya mlango ambao mtoto hupita kirahisi, kwa hiyo mtoto huingia kwanza na hutoka mwisho, mzazi akiwa upande wa mlango.

Vyoo vinavyojimwagia maji vyenyewe vina jicho dogo ukutani nyuma ya beseni. Mtoto ni mwepesi na hujisogezasogeza, kwa hiyo jicho hilo humdhania ameondoka na maji hulipuka akiwa bado amekaa. Wengine baada ya hapo hukataa vyoo vya nje kwa miezi. Funika jicho kwa kipande cha karatasi yenye gundi au tishu iliyoloweshwa kidogo, uiondoe mkishasogea mlangoni. Vikaushia mikono vya upepo navyo vina kelele kali kwenye masikio yaliyo karibu navyo. Mtoto mwoga mkaushe kwa tishu.

Ukibanwa wewe mwenyewe, ingia naye chumba kilekile. Baba aliye na binti asitumie sehemu ya kusimama hata kama hakuna mtu. Atumie chumba chenye mlango. Mpe mtoto kazi inayomgeuza: ashike mkoba akitazama mlango, au ahesabu hadi 20 akiwa amekupa mgongo. Mikono yake iwe na kitu, kwa sababu mkono mtupu huenda kwenye komeo.

Kwenye sinki, jaribu maji kwa mkono wako kwanza, mengine huwa ya moto. Weka goti lako kama kiti, akalie paja lako akitazama bomba, kisha msugue kwa sabuni sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Jeli ya spiriti ni ya dharura tu: haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye uchafu, na virusi vingine vya kuharisha haiviui ipasavyo.

Baba akikuta meza ya kubadilishia nepi iko upande wa wanawake pekee, amwombe mhudumu wa kike ampishie njia. Asipokuwepo, asimame mlangoni apige hodi kwa sauti na aeleze: "Hodi, nina mtoto mchanga, naomba kutumia meza ya nepi." Asubiri jibu. Mara nyingi atakaribishwa, na akikataliwa asibishane. Kiti cha gari au kanga iliyotandikwa pembeni itatosha.

Lini aanze kwenda peke yake

Usitazame umri peke yake, tazama anayoyaweza: kufungua na kufunga komeo, kushusha na kupandisha nguo, kujisafisha, kuvuta maji, kunawa, na kupaza sauti akishtuka. Wengi hukamilisha hayo kati ya miaka 6 na 8. Mtoto mwenyewe akianza kuona haya kuingia na mzazi wa jinsia nyingine, hiyo ni ishara ya kuheshimu. Mahali penye alama ya ukomo wa umri, fuata alama.

Anza na mahali penye mlango mmoja wa kuingilia na watu wachache. Tazama mlangoni, muulize anayetoka kama mna watu wengi. Mweleze mtoto mambo manne na umwambie ayarudie: utatumia chumba chenye mlango, hutaongea na mtu mle ndani, hakuna anayeruhusiwa kukugusa wala kukusaidia nguo, na mtu akikusogelea utoke mbio hata kama suruali iko chini. Hilo la mwisho lirudie. Watoto huogopa kuonekana uchi kuliko wanavyoogopa hatari, na wanahitaji kusikia kwako kwamba hutawagombeza.

Usimkabidhi kwa mtu msiyemjua ili aingie naye, hata awe mpole namna gani. Wewe simama mlangoni, usikae mbali ukichezea simu, na ongea naye: "Umefika wapi?" Kwa haja ndogo, dakika 3 au 4 zinatosha na kunawa humo humo. Ukiita asipojibu, ita tena kwa sauti kubwa zaidi ukimtaja jina. Asipojibu mara ya pili, piga hodi, sema unamfuata mtoto wako, uingie.