Intaneti ya nyaya za umeme ikikujazia kelele kwenye redio, anza hivi

Kama unatumia redio ya ridhaa (redio ya mawasiliano ya hobi) na bendi ya mita 40, yaani karibu megahezi 7, jana ilikuwa safi na leo imejaa kelele tupu, usiparamie kufungua redio. Inawezekana jirani kachomeka zile adapta za pea zinazopitisha intaneti kwenye waya wa umeme, moja inakaa kwenye ruta, nyingine chumba cha mbali. Zinafanya kazi kati ya megahezi 2 hadi 30 hivi, yaani humohumo tulimo sisi, na waya wa ukutani hauna kinga kama ya waya wa antena, kwa hiyo wenyewe unageuka antena na kumwaga kila kitu hewani.

Sikiliza vizuri kwanza. Mtandao ukiwa umetulia kelele inagonga tk-tk-tk bila mpangilio, kama punje za mchanga zinadondokea karatasi, mtu akianza kuangalia video inakuwa mvumo mmoja mzito. Halafu jaribu hii, mi ndo naiamini kuliko zote: weka redio megahezi 14.4, shuka taratibu mpaka 14.2. Kelele ikikatika ghafla ukiingia chini ya 14.35 basi karibu hakika ni adapta, maana nyingi zimetengenezwa ziruke bendi za redio ya ridhaa. Chaja mbovu hairuki bendi ya mtu. Ila usitulie sana, adapta ikiwa karibu hata hapo iliporuka inavuja, na anayesikiliza stesheni za masafa mafupi mara nyingi hakuachiwa nafasi.

Kabla hujamgongea mtu mlango, zima swichi kubwa ya kwako, sikiliza kwa redio ya betri. Kelele ikipotea basi mchawi yuko ndani kwako, washa breka moja moja umpate. Ikibaki, toka na redio ndogo utembee, na kadiri kelele inavyopanda fupisha antena, usipofupisha kila nyumba itaonekana ndiyo yenyewe. Nguzo za umeme usiziguse.

Ukimpata ongea naye kwa upole, yeye hajui kama anakuumiza, anachotaka ni intaneti ifike chumbani. Jitolee kumvutia waya wa LAN (waya wa mtandao kutoka kwenye ruta), hiyo ndo dawa kamili, na yeye atapata spidi nzuri zaidi. Feraiti (vile vipande vya sumaku nyeusi vinavyofungwa kwenye waya kuzuia kelele) kwenye waya wake wa umeme haisaidii kitu, ile data imewekwa humo makusudi. Feraiti zifunge kwenye waya wa antena yako (aina ya mchanganyiko namba 31 ndo inafaa masafa haya), na antena isogeze mbali na nyumba kadiri unavyoweza, hata mita chache utaona tofauti.

Kama kelele inatoka kwenye laini ya mtaa mzima hapo jirani hana kosa, andikia mamlaka ya mawasiliano. Kule Marekani FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, ilipotoa kanuni za intaneti ya aina hii mwaka 2004, chama cha redio ya ridhaa cha ARRL kiliipeleka mahakamani na 2008 mahakama ikairudishia FCC sehemu ya kanuni izipitie upya, kwa hiyo malalamiko yenye ushahidi yanasikika. Weka tarehe, saa, masafa, mita ya redio imesoma S ngapi (kipimo cha nguvu ya mawimbi) antena ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa, na sauti uliyorekodi kwa dakika moja kila bendi, asubuhi na usiku, wiki nzima.