Kutoa na kurekebisha kizibo cha bathtabu chenye kishikio

Jana nilikuwa kwa mdogo wangu, bathtabu yake haishiki maji. Kazi ilichukua nusu saa, ingawa miaka ya nyuma iliniweka mchana kutwa.

1. Weka kishikio katika hali ya kufungua, shika kizibo, kivute taratibu ukikitikisa. Kitatoka na mkono wake wa chuma uliopinda. Plaizi weka mbali kabisa, inachubua kromu, vidole vinatosha. Ukiona wavu tu bila kizibo, kizibo chako kiko ndani ya bomba. Kumbuka hilo, lina maana kubwa hatua ya 3.

2. Ziba tundu kwa kitambaa, fungua skrubu za kibati cha kishikio, uvute juu pamoja na ufito wake. Toa nywele. Loweka kwenye siki, sugua kwa mswaki.

3. Sasa urefu wa ufito. Una hesi na nati: legeza nati, zungusha ufito, kaza tena. Lakini uelekee wapi? Hapa ndipo nilipokwama. Niliambiwa kizibo kikivujisha, refusha. Nikarefusha, maji yakazidi kukimbia. Nikanunua raba mpya, hali ileile.

Kizibo kinachoonekana hufanya kazi kama pembea ya mbao: ufito unakandamiza ncha moja ya mkono, ncha nyingine inanyanyua kizibo. Ufito ukiwa mrefu mno, unaendelea kukandamiza hata ukifunga, na kizibo hakikai. Kwa hiyo kikivujisha, fupisha. Kisiponyanyuka vya kutosha na maji yakatoka polepole, refusha.

Kizibo cha ndani ya bomba ni kinyume chake. Ufito unabeba kipande kizito cha shaba kinachoshuka kuziba njia. Kikivujisha, refusha ili kifike chini. Maji yakitoka polepole, fupisha.

Usizidishe milimita 3 kwa mara moja. Kabla ya kugusa nati, weka alama ya kalamu pale ilipo, ili ukipotea uwe na pa kurudia. Raba iangalie pia: ikiwa imepasuka, hakuna kipimo kitakachokusaidia.

4. Rudisha ufito kwanza, kisha kizibo, mkunjo wa mkono ukiangalia chini. Skrubu za kibati zikaze kwa mkono tu. Jaza maji, weka alama usawa wake, rudi baada ya dakika 15. Yakiwa yameshuka, rudia hatua ya 3.