Kuchoma mpini kwa urembo bila kuuharibu

Wenzangu wa jua kali pale Kibuye na kwingineko Kisumu: ukitaka mpini wa kisu au panga utoke na kahawia iliyokolea bila rangi ya kopo, utie moto. Ila kwanza ung'oe kwenye chuma. Chuma kilichotiwa ugumu kikipita nyuzi 200 hivi, huanza kulainika, na makali hayakai tena hata unoe vipi.

Saipresi ndiyo hunipendeza zaidi. Piga msasa, kisha pitisha tochi ya gesi bila kutua mahali pamoja, maana moto ukituama mbao hupasuka. Sehemu laini za mti huungua upesi, zile ngumu hubaki. Kwa hivyo ukisugua kwa brashi ya waya kufuata nyuzi, masizi yanatoka na mistari inainuka hadi unaihisi kwa kidole. Mpini wa hivyo hautelezi ovyo hata mkono ukiwa na jasho. Mvule hautoi mistari hiyo. Huo choma kingo tu.

Malizia na mafuta ya kitani: paka kidogo, futa yanayobaki, yakikauka ongeza. Kitambaa ulichofutia usikikunje ukakitupa kwenye takataka, kinaweza kujipasha joto chenyewe na kuwaka. Kitandaze nje kikauke.

Na vile vipande vya nguzo za stima, hata ukipewa bure, usivichome. Vimetiwa dawa yenye sumu, na moshi wake si wa kuvuta.