Njia ya pwani au barabara kuu? Namna ya kuamua kabla familia haijaingia garini

Ramani inaonyesha njia mbili: barabara kuu inayokata bara moja kwa moja, na nyingine nyembamba inayofuata ufuko kona kwa kona. Mmoja anataka kufika mapema, mwingine anataka kuona bahari, watoto wanataka kushuka garini tu. Uamuzi huu ufanyeni jioni ya kabla ya safari, kwa karatasi na kalamu. Ukiachwa hadi njia panda, mtaamua kwa sekunde tano huku gari la nyuma likipiga honi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kutoka njia panda hadi mnakolala, barabara kuu ni kilomita 210, na programu ya ramani inasema saa 2 na dakika 20. Njia ya pwani ni kilomita 265, saa 4 na dakika 10. Weka namba zako mahali pa hizi.

Hatua ya 1: Andika tofauti ya programu

Kilomita 55 zaidi, saa 1 na dakika 50 zaidi. Pima kwa siku na saa mtakayopita kweli. Njia ya pwani ya Jumanne asubuhi si ile ya Jumapili mchana.

Hatua ya 2: Geuza muda wa programu uwe muda wa familia

Hapa ndipo mahesabu ya wengi yanapoharibika, kwa hiyo msiipite hatua hii mbio. Programu huhesabu gari linalotembea bila kusimama. Njia ya pwani watu huifuata ili wasimame. Kwa hiyo ile saa 1 na dakika 50 ni bei ya kupita pwani bila kuiona.

Orodhesha vituo kimoja kimoja kwa jina. Usiandike "tutasimama mara chache", kwa sababu "mara chache" haihesabiki. Halafu kila kituo kipe muda wake, ukianzia pale dereva anapowasha indiketa hadi gari linaporudi barabarani. Kituo cha kutazama tu, chenye watoto wawili, hakipungui dakika 20: kutafuta maegesho, kufungua mikanda, viatu vilivyopotea chini ya kiti, picha, anayetaka choo, kufunga mikanda tena. Kituo cha kukanyaga mchanga ni saa nzima, na mtoto akishalowa ongeza robo saa ya kumkausha na kumbadilisha nguo. Msidanganyane na "dakika kumi tu ufukweni". Hakuna mtoto aliyewahi kutoka majini kwa dakika kumi.

Katika mfano wetu tuna vituo vitatu vya kutazama na kimoja cha mchanga: 20 + 20 + 20 + 60, jumla saa 2.

Sasa ongeza upande wa barabara kuu muda ambao mngesimama hata huko. Hili wengi hulisahau na kuionea njia ya pwani. Safari ya saa mbili na zaidi yenye watoto itahitaji kituo kimoja cha choo na kunyoosha miguu, tuseme dakika 25.

Kisha ongeza msongamano. Barabara ya pwani mara nyingi ni njia moja kila upande, na sehemu za kupitana ni chache. Gari moja linalovuta trela mbele yenu litawapa mwendo wake kwa nusu saa nzima. Mimi huongeza asilimia 10 ya muda wa kuendesha, na siku ya sikukuu asilimia 25. Kwa saa 4 na dakika 10, asilimia 10 ni dakika 25.

Hesabu inakuwa hivi. Pwani: 4:10 + 2:00 + 0:25 = saa 6 na dakika 35. Barabara kuu: 2:20 + 0:25 = saa 2 na dakika 45. Tofauti halisi ni saa 3 na dakika 50, zaidi ya mara mbili ya ile mliyoandika hatua ya 1. Hiyo ndiyo namba ya kujadili na familia.

Kwa watoto walio chini ya miaka sita, naona saa 2 za ziada kwa siku moja zinatosha. Zikizidi, jioni yote italipia. Wakubwa zaidi wanaweza kuvumilia saa 3 au 4, mradi kesho yake hakuna safari ndefu nyingine.

Msiiache njia ya pwani kwa sababu ya namba hiyo, hata hivyo. Mara nyingi jibu ni kuchukua kipande. Tafuta barabara ndogo inayounganisha pwani na barabara kuu, fuata ufuko kwa kilomita 80 au 90 zilizo nzuri kuliko zote, kisha rudi barabara kuu. Vituo viwili badala ya vinne, na ziada inaweza kushuka hadi saa 1 na dakika 45. Ndiyo njia ninayoipendelea kuliko zote, kwa sababu kilomita za mwisho za pwani watoto huwa wamelala.

Hatua ya 3: Hakikisha bahari inaonekana

Kuitwa barabara ya pwani si ushahidi. Mstari kwenye ramani unaweza kukimbia mita 300 kutoka majini na msione tone, kwa sababu katikati kuna miti, kuta za nyumba, au matuta ya mchanga. Fungua picha za setilaiti, kisha picha za barabarani zilizopigwa kwa urefu wa gari, na uangalie sehemu moja kila kilomita 10. Hesabu ni ngapi bahari inaonekana. Ikiwa ni chini ya tatu katika kumi, tafuta hizo chache ziko wapi na uziendee hizo tu.

Hata barabara zenye sifa duniani zina vipande hivi. Great Ocean Road ya Australia, baada ya Apollo Bay, huacha ufuko kwa muda mrefu na kupita katika msitu wa Otway kabla ya kurudi kwenye miamba. Msitu ni mzuri, lakini mtoto aliyeahidiwa bahari atauliza bahari iko wapi kila baada ya kona mbili.

Hatua ya 4: Angalia mko upande gani wa barabara

Nchi mnazoendesha kushoto, nendeni mwelekeo ambao bahari iko kushoto kwenu. Mnakoendesha kulia, bahari iwe kulia. Hapo mko njia ya upande wa maji, hakuna magari kati yenu na mandhari, na kuingia kwenye maegesho ya kutazamia ni kupinda tu bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Great Ocean Road hupendeza zaidi kutoka Torquay kuelekea magharibi. Highway 1 ya California, pale Big Sur, kutoka kaskazini kwenda kusini. Chapman's Peak Drive ya Afrika Kusini, kutoka Noordhoek kwenda Hout Bay.

Safari yenu ikiwa ya mwelekeo wa kinyume, punguzeni vituo na mchague vile vyenye nafasi ya wazi ya kukatia barabara. Msikate kwenye kona. Kama kuna njia ya kurudi siku nyingine kwa barabara ileile, wekeni pwani kwenye marudio. Ila kuna faida moja ya upande wa mlimani: anayeogopa kimo hukaa kwa utulivu zaidi huko.

Hatua ya 5: Jua, ukungu, maji

Pwani inayotazama magharibi hupata jua juu ya bahari kuanzia alasiri. Ni tamu kwa macho ya abiria na ni taabu kwa dereva jua likiwa chini. Inayotazama mashariki iende asubuhi.

Pwani zenye mkondo wa maji baridi, kama California, Namibia na Peru, huwa na ukungu mzito, hasa asubuhi, na mara nyingi hupungua kuelekea adhuhuri. Siku kama hiyo, kuchelewa kuondoka kwa saa mbili kunaweza kuwapa mandhari ambayo walioondoka alfajiri hawakuiona. Kamera za moja kwa moja za barabarani au ufukweni zitawaambia hali ilivyo kuliko utabiri wa mji ulio bara.

Kwa kituo cha mchanga, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Sehemu nyingi, kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo, na kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda zaidi, na ufuko mwembamba unaweza kutoweka wote. Fikeni maji yakiwa bado yanatoka. Mtoto anayecheza chini ya mwamba huku maji yanajaa anaweza kukatiwa njia ya kurudi.

Hatua ya 6: Weka alama njia za kutokea

Kwenye ramani, weka alama kila barabara ya lami inayotoka pwani kurudi barabara kuu, na uandike kilomita kati ya moja na nyingine. Kipande kisicho na njia ya kutokea kwa kilomita 60 au zaidi kinahitaji uangalifu, kwa sababu barabara ikifungwa mbele, mtarudi mlikotoka.

Barabara hizi hufungwa kwa sababu zimechimbwa ubavuni mwa mlima: juu udongo, chini mawimbi. Mvua kubwa ikilowesha udongo, huporomoka, na wakati mwingine huporomoka siku kadhaa baada ya mvua kukatika. Mwezi Mei 2017 maporomoko ya Mud Creek, Big Sur, yaliifunika Highway 1, na kipande kile hakikufunguliwa hadi Julai 2018. Chapman's Peak Drive nayo hufungwa hali ya hewa inapoleta hatari ya mawe kuanguka. Angalieni tovuti ya mamlaka ya barabara asubuhi ya safari, hata kama mliangalia jana. Programu ya ramani wakati mwingine huchelewa kupata habari.

Hatua ya 7: Watoto na kona

Kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Macho yakitazama kitabu au simu huiambia akili kwamba mwili umetulia, huku masikio ya ndani yakiripoti kona. Basi simu zote chini kabla ya kona ya kwanza, msisubiri mtoto alalamike. Atazame mbali, mstari wa upeo wa bahari ukionekana ndio bora. Chakula kiwe kidogo na kikavu saa moja kabla. Dirisha lifunguliwe kidogo.

Dereva ana sehemu kubwa kuliko dawa: apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, kisha ashikilie mwendo uleule mpaka aitoke. Breki za kushtukia ndizo hutapisha. Kama mna mtoto anayejulikana kutapika, muulizeni mfamasia mapema dawa inayofaa umri wake, kwani nyingi humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya safari na baadhi hazifai watoto wadogo. Dereva asinywe inayoleta usingizi. Mifuko imara, taulo na nguo za kubadilisha vikae mkononi, si kwenye buti la gari.

Hatua ya 8: Mafuta na breki

Jazeni tangi njia panda. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 barabara kuu lihesabiwe lita 10 kwenye vilima na kona. Kwa mfano wetu ni lita 26.5 dhidi ya 16.8. Kwenye miteremko mirefu tumieni gia ndogo ili injini ilishike gari. Breki zikikanyagwa muda wote hupata moto na kupoteza nguvu.

Hatua ya 9: Ilazimishe programu ifuate pwani

Programu hutaka kuwarudisha kwenye njia ya haraka. Weka vituo vya kupitia viwili au vitatu katikati ya kipande cha pwani, siyo mwanzoni wala mwishoni, maana cha mwanzoni kikishapitwa itawarudisha barabara kuu kwenye njia ya kwanza ya kutokea. Kuza ramani uhakikishe kila alama imekaa juu ya barabara yenyewe. Ikikaa mita 40 pembeni, itawapeleka kwenye uchochoro wa hoteli. Pakua ramani ya eneo zima mapema, kwa kuwa chini ya miamba mtandao hukatika, na mkumbuke ramani iliyopakuliwa haionyeshi foleni. Karatasi yenye majina ya vituo na kilomita ikae na abiria wa mbele.

Hatua ya 10: Panga saa ya mwisho ya njia panda

Anzeni mwisho mrudi nyuma. Jua likizama saa 12:30 jioni, fikeni saa 11:30, kwa sababu kona za pwani gizani hazina faida kwa yeyote. Toa saa 6 na dakika 35: njia panda mpite kabla ya saa 4:55 asubuhi. Kwa kipande kifupi, muda wote pamoja na vituo ni saa 4 na nusu, kwa hiyo mna hadi saa 7:00 mchana.

Andikeni saa hizo mbili kwa maandishi makubwa na kila mtu azijue, hata watoto. Mkichelewa ya kwanza, chukueni kipande. Mkichelewa ya pili, bakini barabara kuu, ila tafuteni usiku huu, kabla ya safari, sehemu ambayo barabara kuu inakaribia bahari kuliko kwingine na njia ya kushuka ufukweni haizidi kilomita 10. Hiyo ni kama dakika 20 za kuendesha kwenda na kurudi na saa moja ya mchanga, na miguu ya watoto itakuwa imefika majini.