Siku Nzima ya Bunge na Baraza: Namna ya Kupanga Vipindi vya Siasa katika Kituo Kidogo cha Televisheni Tanga

Chagua Alhamisi. Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na katika miezi hiyo mitatu hakuna siku iliyoshiba kama Alhamisi. Asubuhi kuna nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, yanafuata maswali ya kawaida kwa mawaziri, kisha bajeti ya wizara iliyopangiwa siku hiyo. Kituo chenye watu wanane, kamera tatu na studio moja pale Ngamiani kinaweza kuibeba siku hiyo kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 4:30 usiku, mradi kisitake kurusha kila kitu.

Kufungulia mkondo wa matangazo ya Bunge kutoka Dodoma asubuhi na kuuacha utiririke mpaka jioni si kupanga siku. Mtazamaji wa Makorora anayewasha televisheni saa 5:20 hajui anayesema ni nani, kama ni waziri anayewasilisha au mwenyekiti wa kamati anayetoa maoni, wala fedha zinazotajwa ni za mwaka gani. Atavumilia dakika mbili, atahamia kwenye tamthilia, na ana haki. Siku hii inahitaji uzi mmoja: fedha fulani au uamuzi fulani unaofuatwa kutoka ukumbi wa Bunge hadi kwenye kata. Hapa mfano wetu ni maji. Tanga ina mengi ya kuuliza juu ya maji, hasa baada ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kuuza hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 ili kupanua huduma. Mtu wa kawaida anataka kujua bomba la mtaani kwake linalipiwa na Hazina, na mkopo huo, au na bili yake.

Makaratasi kwanza, kamera baadaye

Ratiba ya wizara zitakazowasilisha bajeti hujulikana mapema, na Orodha ya Shughuli za Bunge hueleza kikao kimoja kimoja. Mtu mmoja apewe kazi ya makaratasi tu, wiki nzima kabla. Anahitaji hotuba ya waziri ya mwaka uliopita, maoni ya kamati ya Bunge ya mwaka uliopita, na vitabu vya bajeti. Kwenye vitabu hivyo kila taasisi ina namba ya fungu: Wizara ya Maji ni Fungu 49, Mkoa wa Tanga ni Fungu 86. Chini ya mkoa kuna halmashauri 11, kuanzia Jiji la Tanga hadi Kilindi, Bumbuli na Pangani. Asiyejua namba za mafungu atapoteza nusu siku akifungua kurasa.

Hapa ndipo vipindi vingi vya siasa huanguka, kwa hiyo tukae kidogo. Maneno matatu hufanana masikioni na kutofautiana kabisa kwenye hesabu: fedha zilizoidhinishwa, fedha zilizopokelewa, fedha zilizotumika. Waziri akisema "tumetenga bilioni mbili", amesema la kwanza tu. Bunge limeruhusu, lakini Hazina bado haijatoa hata senti. Mradi unaweza kutengewa fedha miaka mitatu mfululizo na mtaro wake usichimbwe. Mtu wa makaratasi atengeneze jedwali la safu tano: jina la mradi, kata, iliyoidhinishwa mwaka uliopita, iliyopokelewa hadi Machi, inayoombwa sasa. Safu ya nne ndiyo itakayoendesha mjadala wa usiku. Ikiwa tupu, mtangazaji ana swali lake la kwanza.

Taarifa za safu hiyo huombwa kwa maandishi halmashauri au kwenye mamlaka ya maji. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa hadi siku 30 kujibu, kwa hiyo barua ya Jumatatu haitakusaidia Alhamisi. Iandike mwezi mmoja kabla. Ongeza pia ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali. Humfikia Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani Bungeni Aprili, yaani inakukuta ukiwa kazini.

Kagua kila tarakimu kwa kugawanya kabla haijapanda kwenye skrini. Shilingi bilioni moja kwa kata 27 za Jiji la Tanga ni takribani milioni 37 kwa kila kata. Mtu akidai fedha hiyo imejenga matangi makubwa kila kata, hesabu yenyewe itakuonyesha pa kuuliza. Bilioni na milioni hubadilishana sana kwenye maandishi ya chini ya skrini saa za jioni, watu wakishachoka. Mwandika grafiki asome tarakimu kwa sauti na mwenzake afuatishe kwenye karatasi.

Kurekodi baraza la madiwani

Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, kwa hiyo usitegemee liangukie Alhamisi yako. Lirekodi linapokaa, ulitumie siku hiyo mchana. Barua ya kuomba kuingia na kamera iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye katibu wa baraza. Wengi humwandikia Meya na kujikuta wamesimamishwa mlangoni. Kikao cha baraza ni cha wazi kwa wananchi, vikao vya kamati sivyo. Aghalabu siku ya kwanza hupokelewa taarifa za kata na ya pili taarifa za kamati. Ukiwa na nguvu ya siku moja tu, nenda ya kwanza kama uzi wako ni huduma, nenda ya pili kama uzi wako ni fedha.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Picha ikitetereka mtu ataendelea kusikiliza, lakini sauti ya pangoni humfukuza. Usitegemee maikrofoni ya kamera. Chukua waya kutoka tundu la kutolea sauti la miksa ya ukumbi, na kwenye kamera weka swichi upande wa LINE. Ukiiacha kwenye MIC sauti itapasuka tangu salamu ya kwanza na hakuna programu itakayoiponya. Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, ni umeme wa ukumbi na wa kamera yako unaogombana kwenye ardhi. Endesha kamera kwa betri au pitisha waya kwenye kisanduku cha transfoma kinachotenganisha ardhi ya vifaa hivyo viwili. Mita ya sauti ichezee kati ya desibeli -20 na -12, isiguse 0. Maikrofoni ya pili, ndefu, ielekezwe kwa madiwani, kwa sababu yupo atakayesimama na kusema kwa ukali bila kuwasha kipaza sauti chake, na mara nyingi huyo ndiye mwenye hoja.

Kamera ya kwanza ikae na Meya na Mkurugenzi, ya pili iwafuate madiwani, ya tatu ichukue ukumbi mzima bila kuguswa. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na shata isiyolingana nao huzifanya taa zipepese. Ukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 22.5. Kadi ya gigabaiti 128 haifikishi saa sita za kurekodi, na baraza lenye mvutano huzifikisha. Beba mbili kwa kila kamera.

Joto la pwani nalo lina kanuni yake. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ikitolewa ghafla nje, lenzi hufunga ukungu. Itoe kwenye ubaridi nusu saa kabla, ikiwa ndani ya begi lililofungwa, ndipo uifungue. Chumvi ya bahari hula vichwa vya waya, kwa hiyo vifutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni, na vifuko vya silika vikae ndani ya begi mwaka mzima.

Chora ramani ya viti kabla kikao hakijaanza: jina, kata au viti maalumu, chama. Bila ramani hiyo mhariri atabatiza watu majina yasiyo yao.

Siku yenyewe

Saa 12:30 asubuhi anza na magazeti na muhtasari wa Orodha ya Shughuli. Usisome vichwa vya habari vyote. Chagua vitano na ueleze kila chombo kina mamlaka gani, kwa sababu watu wengi hupeleka kwa mbunge malalamiko ambayo ni ya diwani, na ya diwani wakampelekea mkuu wa wilaya.

Saa 3:00 Bunge huanza kwa dua, hati huwekwa mezani, kisha Waziri Mkuu. Sehemu hii ipite mubashara bila kukatwa mpaka maswali ya kawaida yaishe, kama saa 4:30 hivi. Picha za ukumbini huzalishwa na studio ya Bunge lenyewe, kwa hiyo makubaliano ya kuupokea mkondo yafanywe na Ofisi ya Bunge mapema. Mwandika grafiki awe macho kwenye maswali ya nyongeza. Swali la msingi huandikwa siku nyingi kabla na jibu lake husomwa, ila muulizaji ana nyongeza mbili, na humo ndimo mbunge hutaja kijiji, daraja au kisima kwa jina. Weka alama ya saa na dakika kila Tanga, Muheza, Mkinga au Pangani inapotajwa.

Mchangiaji mmoja wa studio aeleze kwa dakika 15 kilichojibiwa na kilichokwepwa. Hotuba ya waziri ikianza, irushe, lakini usikimbie ikimalizika. Maoni ya kamati yanayofuata hayana mbwembwe, hata hivyo ndiyo yanayosema asilimia ngapi ya fedha za mwaka uliopita ilifika kweli. Vituo vingi hukata hapo na kwenda kwenye muziki. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote ya asubuhi.

Saa 7:00 acha nafasi ya adhuhuri, kisha weka baraza ulilolirekodi, limehaririwa kuwa dakika 70. Sheria ya uhariri ni moja: swali na jibu havitenganishwi. Punguza salamu, itifaki na marudio, usipunguze kati ya diwani kuuliza na mtendaji kujibu, hata kama kuna ukimya wa sekunde nane. Ukimya ule ni habari. Saa 9:00 rudia nusu saa ya Waziri Mkuu kwa waliokuwa sokoni na Deep Sea wakinunua samaki.

Jioni Bunge hurejea na michango. Kengele ya kwanza humwonya msemaji, ya pili humkalisha. Mwongozaji akiisikia ya kwanza aandae jina la anayefuata. Maneno "taarifa", "utaratibu" na "mwongozo wa Spika" si kelele, kila moja lina kanuni yake, na mstari mmoja wa maelezo chini ya skrini humtosha mtazamaji.

Siku ya kuhitimisha wizara Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Mbunge asiyeridhika hushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani hutoa hoja mshahara huo upunguzwe shilingi moja mpaka apate majibu, wenzake humuunga mkono au kumbembeleza aiachie, na waziri hulazimika kutoa ahadi yenye tarehe. Muda ukiisha gilotini hushuka na vifungu vilivyobaki hupita kwa mkupuo bila mjadala. Haya hutokea kuelekea usiku, wakati ambapo watumishi wa kituo wamekwenda nyumbani au wamezama kwenye taarifa ya habari. Wabaki wawili, mmoja akirekodi na mmoja akiandika nani ameshika shilingi na ameirudisha kwa ahadi gani. Ahadi hiyo iingie kwenye jedwali lako siku hiyohiyo.

Magharibi ipewe dakika 15 za utulivu. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia vikao, mjadala wa usiku uhamie baada ya tarawehe, vinginevyo utazungumza na viti.

Mjadala wa saa 3:00 usiku

Wageni wanne kwa dakika 90 wanatosha: mmoja wa chama tawala, mmoja wa upinzani, mtaalamu wa mamlaka ya maji, na mwenyekiti wa mtaa ambao maji hayatoki. Huyu wa mwisho aanze kusema. Akianza kiongozi, dakika sita zitaondoka kwa kutambua uwepo wa viongozi wenzake. Kabla ya kuingia hewani mwelezeni kila mgeni kwa heshima kwamba salamu zitatolewa mara moja na mtangazaji kwa niaba ya wote. Mtu mmoja ahesabu sekunde za kila msemaji na kumwonyesha mtangazaji karatasi kila robo saa.

Angalizo la kisheria. Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda mbunge kwa anayoyasema ndani ya Bunge. Mbunge huyohuyo akimtaja mtu kuwa mwizi ndani ya studio yako, hana kinga hiyo, na wewe pia huna. Simu za watazamaji zipitie kwa mpokeaji anayeuliza jina, mtaa na swali, na matangazo yacheleweshwe sekunde saba ili mwongozaji apate muda wa kuzima neno baya.

Umeme ukikatika, UPS (betri ya dharura) ya VA 1500 haitakufikisha mbali. Kazi yake ni kushikilia dakika chache jenereta iwashwe, basi ijaribuni Jumatano mkiwa mmewasha mitambo yote, kiyoyozi nacho. Mkondo wa Dodoma ukikatika, pawepo dakika 40 za akiba zilizokwisha kuhaririwa, zinazohusu uzi uleule wa maji.

Baada ya saa 4:30 usiku, mafaili yapewe majina yanayoeleweka hata na mgeni, kwa mfano 2026-06-04_Bunge_Maji_Nyongeza_Pangani, yahifadhiwe sehemu mbili tofauti. Makosa yaliyogunduliwa yaandikwe usiku huo. Sahihisho lisomwe Ijumaa asubuhi katika kipindi cha magazeti, likitaja tarakimu iliyokosewa, tarakimu sahihi, na saa iliyorushwa.