Jinsi ya kutengeneza adeniamu (waridi la jangwa) yako mpya, kuanzia chavua mpaka kubebesha

Wadau wa maua habarini. Wateja wakija kitaluni kwangu wanauliza hii rangi umeitoa wapi, nikiwaambia nimeitengeneza mwenyewe hawaamini, wanajua adeniamu nzuri lazima itoke Thailand au Taiwan. Kweli wale wametuacha mbali, ila huu mmea ni wa huku kwetu jamani, uko porini kuanzia Sahel mpaka Kenya na Tanzania, ukivuka bahari unaukuta Yemen na Oman, na jina lenyewe limetokana na mji wa Aden. Inaniuma kuona tunaagiza kwao kitu chenye asili ya kwetu wakati kazi inataka wembe, brashi nyembamba na uvumilivu. Haya twende.

Kabla ya yote, utomvu wake ni sumu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanautumia kwenye mishale, kwa hiyo usikate tawi halafu ukajifuta macho. Vaa glavu, watoto wakae mbali.

Hatua ya 1: Chagua wazazi

Jua unatafuta nini kabla hujagusa ua. Mimi nilitaka damu ya mzee iliyokoza ambayo jua la saa nane haliiunguzi, basi nikachukua mmoja wenye rangi ninayoipenda, na wa pili una ua la pinki la kawaida tu ila mti wenyewe mgumu, tumbo (shina la chini lililovimba) nene, unachanua karibu mwaka mzima. Wengi wanakosea hapa, wanachukua mimea miwili mizuri ila yote dhaifu, wanapata watoto warembo wanaooza mvua za kwanza. Halafu adeniamu kwa kawaida haishiki mbegu kwa chavua yake yenyewe, na hata ukiwa na miti miwili kama yote ilitokana na vitawi vya mama mmoja, hiyo hesabu ni mti mmoja, utahangaika bure.

Hatua ya 2: Kuchavusha

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa kwa hiyo nitaenda taratibu. Fanya asubuhi, siku kavu, ua liwe limefunguka siku moja au mbili. Ukichungulia ndani huoni chavua, unaona mikia mitano tu kama manyoya. Ifuate mikia hiyo mpaka chini, utakuta imeungana na vitu vitano vilivyobanana vikatengeneza koni ndogo. Kila kitu kimo ndani ya hiyo koni, chavua iko juu na sehemu ya kike inayopokea iko chini yake, zimetenganishwa kabisa.

Anza na baba. Lichume ua, lipasue kwa wembe kwa urefu, ubanue koni, utaona unga mweupe unaoelekea njano, unanata kidogo. Uchukue kwa ncha ya brashi au kijiti cha meno. Ukikuta umekauka na kuwa kahawia, achana nalo tafuta ua jingine.

Ua la mama usilichume. Pasua upande mmoja wa bomba lake, ondoa petali za upande huo, kisha ng'oa kipande kimoja au viwili vya ile koni upate kadirisha. Ndani kuna kichwa kidogo, paka chavua ubavuni mwake kwa chini, USIPAKE JUU. Wanaopaka juu ndio wanaokuja kusema haiwezekani. Mimi nikichavusha maua kumi yakashika mawili nashukuru, kwa hiyo fanya mengi.

Papo hapo funga lebo, jina la mama, la baba na tarehe. Andika kwa penseli. Mwaka mmoja niliandika kwa maka peni, jua likafuta zote, nikabaki na miche mizuri nisiyojua wazazi wake na siwezi kuirudia tena mpaka leo.

Hatua ya 3: Linda pembe

Likishika, ndani ya wiki moja au mbili utaona pembe mbili, yaani maganda ya mbegu, zinachomoza pale ua lilipodondoka. Zinakomaa kwa miezi miwili mitatu hivi. Zikianza kubadilika rangi zifunge na uzi kila baada ya sentimita chache, maana zikipasuka mbegu zina manyoya ncha zote mbili na upepo mmoja tu unabeba kazi yako yote.

Hatua ya 4: Panda

Panda zikiwa mbichi, zikikaa miezi nguvu inapungua. Mchanga wa mto na pumba za mpunga zilizochomwa zinatosha, laza mbegu, funika kidogo sana, unyevu usizidi. Ndani ya wiki zinaota. Ukihamishia kwenye viriba kila mche upewe namba yake, kwa sababu kila mbegu ni mtu tofauti hata kama zimetoka pembe moja.

Hatua ya 5: Chagua bila huruma

Ua la kwanza linakuja kati ya miezi minane na mwaka na nusu, na ua la kwanza linadanganya. Rangi inabadilika na joto, maji, jua, kwa hiyo subiri uchanuaji wa tatu ndio uamue. Katika miche 60 nilibakiza miwili, mingine niliuza kama mchanganyiko. Kama hujapata unachotaka usitupe wote, chavusha ndugu kwa ndugu au mtoto kwa mzazi, kuna sifa zinajificha zinatokea kwa wajukuu.

Hatua ya 6: Bebesha

Mbegu za mche uliouchagua hazitatoa ua lile lile, kwa hiyo unabebesha, yaani unaunganisha vitawi vyake juu ya miche mingine. Mche wa kawaida wenye tumbo zuri unaukata juu kwa umbo la V, kitawi unakichonga kiingie humo, funga kwa nailoni, funika na mfuko kama wiki tatu kivulini. Vitawi vyote ulivyobebesha vikichanua sawa, hapo ndipo una aina mpya.

Kama unataka haki zake, Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012, inataka mmea uwe mpya, wa kipekee, unaofanana wenyewe kwa wenyewe na usiobadilika, kwa hiyo usianze kuuza hovyo kabla hujaamua.

Yangu ni namba 41, bado haina jina. Vitawi sita vimechanua mara mbili, vyote damu ya mzee, hakuna kilichoungua. Nasubiri mara ya tatu.